Maski ya foto: namna ya kulinda kazi ya saa mbili

Tuseme familia moja ya komini ya Mangobo, hapa Kisangani, imepoteza mama yao. Siku ya pili ya matanga, kijana wa familia anaingia studio na simu mkononi. Ndani ya simu kuna foto moja tu ambayo mama anaonekana vizuri: amesimama katikati ya watu kumi na mmoja kwenye ndoa ya mtoto wa dada yake, watu wamembana kushoto na kuume, nyuma kuna turubai ya bluu. "Papa, mama abaki yeye peke yake. Nyuma iwe nyeupe. Tunaihitaji kesho asubuhi, mbele ya maziko."

Fotografa anakaa kwenye kompyuta. Anafuata ukingo wa kitambaa cha kichwa, masikio, shingo, mabega. Saa mbili zinapita. Usiku foto inatoka, familia inalipa, na asubuhi mama yuko ndani ya fremu juu ya jeneza.

Wiki sita baadaye, kijana anarudi. Familia inatengeneza tisheti za kumaliza matanga. Wanataka mama yuleyule, lakini sasa nyuma iwe zambarau, na awe mkubwa zaidi. Fotografa anatafuta kwenye mashini, anakuta JPEG moja tu. Mama na weupe wa nyuma yake wamekuwa kitu kimoja, kama maziwa ndani ya chai. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe pia, kwa hiyo hata jicho halioni tena kichwa kinaishia wapi. Ile kazi ya saa mbili haipo popote. Inabidi kuanza upya, na kuran imeshakatika mara mbili tangu asubuhi.

Kila mtu aliyefanya kazi ya studio anaijua hali hii. Dawa yake iko, na haiuzwi: ni kutengeneza maski, kuipa jina, na kuihifadhi pamoja na foto.

Maski ni nini

Watu wanaokodisha viti vya plastiki kwa matanga na ndoa wanaijua maski bila kuiita hivyo. Wanakata herufi za jina lao kwenye kipande cha katoni, wanakibandika nyuma ya kiti, wanapulizia rangi. Mahali palipokatwa, rangi inapita. Mahali katoni imebaki, rangi haipiti. Kiti cha kwanza kinachukua muda, juu ya kazi ya kukata katoni. Kiti cha mia kinachukua sekunde chache. Ndiyo maana mwenye viti hatupi katoni yake.

Maski ya foto ni katoni ya namna hiyo. Ni picha ya pili, yenye ukubwa uleule na foto, inayolala juu ya foto bila kuiharibu. Haina bluu wala nyekundu. Ina nyeupe, nyeusi na kijivu tu. Penye nyeupe, foto inaonekana. Penye nyeusi, foto inafichwa. Penye kijivu, foto inaonekana nusu, kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Kwa kawaida kompyuta inahesabu rangi hizo kwa namba, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi kabisa, mpaka 255 ambayo ni nyeupe kabisa. Zote ni ngazi 256. Ngazi za katikati ndizo zinazofanya ukingo wa nywele au wa kitambaa uwe laini, usionekane kama umekatwa kwa makasi.

Kuna tofauti kubwa kati ya kuficha kwa maski na kufuta kwa kifutio. Ukifuta sikio kwa bahati mbaya, kiisha ukahifadhi na kufunga faili, sikio limekwenda. Ukilificha kwa maski, unachukua brashi nyeupe, unapaka mahali pale, na sikio linarudi. Foto yenyewe haikuguswa hata kidogo.

Wazo hili si la kompyuta

Kabla ya kompyuta, watu walifunika na kufunua foto kwa mikono. Mwaka 1857, fotografa Oscar Rejlander, aliyefanya kazi Uingereza, alitengeneza foto moja kubwa kwa kuunganisha negatifu zaidi ya 30. Alichapa kipande kimoja kwa kimoja, na kila mara alifunika sehemu nyingine za karatasi ili mwanga usiziguse. Kwenye pwani ya Kenya, huko Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa foto za namna hiyo: alikata na kuunganisha nyuso za wateja wake na maua na mapambo, bila kompyuta yoyote.

Kwenye kompyuta, hatua kubwa ilikuja mwaka 1977, wakati Ed Catmull na Alvy Ray Smith walipokuwa wakifanya kazi katika New York Institute of Technology, Marekani. Waliona kwamba picha inaweza kubeba, pamoja na nyekundu, kijani na bluu, kanali ya nne inayosema kila kitone kionekane kiasi gani. Wakaiita alfa, kwa jina la herufi ya Kigiriki iliyokuwa kwenye hesabu yao. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990. GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, ilitoka mwaka 1996. Photoshop inalipiwa. GIMP ni ya bure, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta isiyo na intaneti.

Kutoka seleksio mpaka maski

Kazi yote inaanza na seleksio, yaani kuonyesha kompyuta sehemu gani ya foto unaitaka. Programu nyingi zina chombo cha kuchagua kwa rangi: unabonyeza mahali pamoja, na rangi zote zinazofanana zinachaguliwa. Chombo hicho ni cha haraka, lakini kinategemea tofauti ya rangi. Ngozi nyeusi mbele ya ukuta wenye kivuli, au nywele za kusuka mbele ya pazia la kahawia, zinakichanganya: kinakula sikio, kinaacha kipande cha pazia. Kwa sababu hiyo, anayepiga foto mwenyewe afanye vizuri kutundika shuka ya rangi moja, iliyo tofauti na nguo na ngozi ya mteja, na kumsimamisha mteja mbali kidogo na shuka ili kivuli kisiiguse. Dakika hiyo moja ya kutundika shuka inapunguza kazi nyingi baadaye.

Kwa foto iliyokuja tayari, kama ile ya mama wa Mangobo, mkono una akili kuliko chombo. Katika GIMP, bonyeza Maj na Q pamoja. Hiyo ni maski ya haraka. Kama hujachagua kitu, foto yote inafunikwa na wekundu. Chukua brashi, weka rangi nyeupe, paka juu ya mtu unayemtaka. Wekundu unaondoka mahali unapopita. Ukitoka nje ya mstari, geuza rangi iwe nyeusi, paka tena, wekundu unarudi. Kwa nywele, tumia brashi yenye ukingo laini. Ukimaliza, bonyeza Maj na Q tena, na mstari wa vitone unazunguka mtu wako. Hiyo ndiyo seleksio.

Hapo wengi wanakimbilia kukata. Ngoja kwanza, fanya mambo manne.

La kwanza, lainisha ukingo. Katika menyu ya « Sélection », chagua « Adoucir ». Kwa foto ndogo, pikseli 1 au 2 zinatosha. Ukizidisha, mtu anaonekana kama ana moshi kichwani.

La pili, hifadhi seleksio yenyewe. Katika menyu ileile kuna amri « Enregistrer dans un canal ». Ukiibonyeza, maski mpya inatokea kwenye orodha ya kanali, ikiwa nyeupe na nyeusi. Ipe jina linaloeleweka, mfano « mama mzima » au « kichwa na mabega ». Kwa anayetumia Photoshop, amri inaitwa « Mémoriser la sélection », na siku unapoihitaji tena unatumia « Récupérer la sélection ».

La tatu, weka maski kwenye tabaka. Mafundi wengi hapa wanaliita tabaka kwa Kifaransa, kalke. Bonyeza tabaka la foto kwa kitufe cha kuume, chagua « Ajouter un masque de calque », na useme maski itoke kwenye seleksio. Watu wengine wote wa kwenye foto wanapotea machoni. Chini yake ongeza tabaka jingine lenye rangi nyeupe, au zambarau, au bluu. Sasa kubadilisha rangi ya nyuma ni kazi ya kubonyeza mara mbili tatu.

La nne, hifadhi faili kwa aina inayoweza kubeba vitu hivyo vyote. Katika GIMP, amri ya kuhifadhi inatoa faili ya XCF. JPEG unaipata kwa amri nyingine, ile ya « Exporter ». Fanya zote mbili: XCF ni ya studio, JPEG ni ya mteja.

Mtu anaweza kuuliza juu ya nini maski inawekwa mara mbili, kwenye kanali na kwenye tabaka. Jibu liko kwenye viti vya matanga. Maski ya tabaka ni katoni iliyobandikwa kwenye kiti, inafanya kazi sasa hivi. Maski ya kanali ni katoni iliyotundikwa ukutani. Ile ya kwenye tabaka ikiharibika, au ukiipaka vibaya usiku ukiwa na usingizi, ile ya ukutani bado iko nzima.

Mahali kazi inapotea

Maski nyingi hazipotei kwa sababu ya ufundi mbaya. Zinapotea wakati wa kuhifadhi.

JPEG haibebi tabaka, haibebi kanali ya alfa, haibebi maski. Ukiwa na JPEG peke yake, una foto iliyokwisha kupikwa. PNG inabeba uwazi, yaani mtu aliyekatwa bila kitu nyuma yake, lakini haibebi tabaka zako moja moja. XCF ya GIMP na PSD ya Photoshop zinabeba yote. TIFF pia inaweza kubeba kanali za alfa, kama ukichagua hivyo wakati wa kuhifadhi.

Hatari ya pili ni kuran. Seleksio ambayo haijahifadhiwa inaishi tu kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Umeme ukikatika, imekufa. Kwa mashini isiyo na betri, njia ni moja: usingoje mwisho. Maliza kichwa, hifadhi kwenye kanali, bonyeza Ctrl na S. Maliza bega la kushoto, fanya vilevile. Umeme ukirudi, unaendelea na bega la kuume, hauanzi tena na kichwa.

Hatari ya tatu ni kutuma. Ukituma PNG kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, inabanwa na uwazi wake unapotea. Itume kama dokima. Na mteja akitaka kukuletea foto ya simu, mwombe naye aitume kama dokima, au mchukue kwa kebo. Utapata foto yenye pikseli zake zote.

Maski gani inatumika tena, na gani haitumiki

Hapa wanafunzi wengi wanakosea. Wanafikiri maski ya mama wa Mangobo itafaa kwa foto ya mama mwingine. Haitafaa. Maski ya mtu inafuata mwili wake ndani ya foto ile moja. Inafaa mara mia kwa foto ileile: fremu ya maziko, tisheti, kalenda, kadi ya kumbukumbu ya mwaka. Lakini inahitaji foto ya mwanzo yenye ukubwa uleule. Familia ikikuletea foto hiyohiyo iliyopita kwenye WhatsApp, pikseli zimepungua, na maski haikai tena juu ya bega. Kwa hiyo foto ya mwanzo inawekwa pamoja na maski yake.

Aina ya pili ni maski ya umbo: duara la baji, yai la fremu, mstatili wa kadi ya mwanafunzi. Hiyo haijali ni nani yuko ndani. Foto ya milimita 35 kwa 45, inayotumika kwa vitambulisho katika nchi nyingi, kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 413 kwa 531. Tengeneza mara moja karatasi ya sentimita 10 kwa 15 yenye nafasi nane za ukubwa huo, kila nafasi na maski yake, hifadhi. Wakati wanafunzi wanapanga mstari kwa ajili ya kujiandikisha, unaingiza foto tu.

Aina ya tatu ni ya kamera iliyokaa kwenye miguu mitatu bila kusogea. Mtu anayepiga foto ishirini za wavuvi wa Wagenia kwenye maporomoko, kamera ikiwa palepale, anaweza kutengeneza maski ya mbingu mara moja na kuitumia kwa zote ishirini ili kupunguza mwanga wa juu. Kamera ikiguswa kidogo, au mvuvi akipanda juu ya miti na kichwa chake kikaingia kwenye mbingu, foto hiyo inahitaji kusahihishwa kwa brashi.

Kuhamisha maski kutoka faili moja kwenda nyingine si vigumu. Katika Photoshop, kama faili mbili zenye pikseli sawa ziko wazi, amri ya « Récupérer la sélection » inakuruhusu kuchukua maski kutoka faili ya jirani. Katika GIMP, njia rahisi ni kuitoa maski kama picha ya PNG nyeusi na nyeupe, kuinakili, na kuibandika ndani ya maski ya tabaka la foto nyingine. Na wale wanaokata watu kwa programu za simu wasitupe PNG inayotoka. Uwazi wake ni maski tayari: ifungue kwenye GIMP, tumia amri « Alpha vers sélection », kiisha ihifadhi kwenye kanali kama kawaida.

Maski inaficha, haifuti

Uzuri huu wa maski una hatari yake. Kama sikio lililofichwa linaweza kurudi, basi na uso uliofichwa unaweza kurudi.

Tuseme shirika la mutaa linatayarisha afishi juu ya mutoto aliyeteswa, na fundi anaficha uso wake kwa maski au kwa kibandiko cheusi kwenye tabaka la juu. Akituma faili ya XCF au PSD kwa mchapaji, yeyote anayeifungua anaweza kuzima maski kwa kubonyeza mara moja. Uso wa mutoto unaonekana wazi. Hata PNG si salama kila mara: wakati wa kuitoa, GIMP ina chaguo la kuhifadhi rangi za sehemu zisizoonekana, na likiwa limewekwa alama, uso bado umo ndani ya faili.

Kwa kazi ya namna hiyo, funika uso kwa rangi nzima, unganisha tabaka zote kwa amri « Aplatir l'image », toa JPEG, na tuma hiyo peke yake. Ukungu hafifu hautoshi. Anayemfahamu mutoto anaweza kumtambua bado. Kabla ya kutuma, fungua faili upya uone kama ina tabaka moja tu. XCF, kama ni lazima kubaki nayo, isikae kwenye kompyuta ambayo kila mtu anaingia.

Kupanga na kuweka

Maski ambayo haionekani siku inapohitajika ni sawa na maski iliyopotea. Folda moja kwa kila mteja, ikiwa na mwaka, mwezi na kazi. Ndani yake vitu vitatu: foto ya mwanzo, XCF au PSD, na JPEG iliyotolewa. Nakala ya pili iwe kwenye flashi au diski ya nje, na isikae ndani ya begi moja na kompyuta.

Ni vizuri pia kuiambia familia siku ya kwanza kwamba kazi imehifadhiwa, na kuwauliza kama wanakubali ibaki studio. Wengine watasema ndiyo. Wengine watataka wapewe faili yote na isibaki nakala, na hiyo ni haki yao, juu foto ni ya mama yao.

Kwa wale waliokubali, kijana wa Mangobo anaporudi baada ya wiki sita, fotografa anafungua folda, anabadilisha rangi ya tabaka la chini kuwa zambarau, anamkuza mama bila kuzidi pikseli ambazo foto ya mwanzo inazo, anatoa JPEG ya tisheti. Kitambaa cheupe cha kichwa kiko kizima, ukingo wote. Kijana hajamaliza hata sukari yake, na kuran bado iko.